Kibanja cha Mguu Sawa

Sajinitaji mstaafu Nolasco Rwegoshora alilitumikia jeshi miaka ishirini na saba, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona adui hata kwa darubini. Adui wake alikuwa panya. Alikuwa mtunza bohari ya mavazi katika kambi moja ya huko Pwani, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila buti ya kulia imelala na mwenzake wa kushoto, blanketi zimekunjwa pembe nne, na panya hawaonji kitu. Kazi hiyo aliifanya vizuri, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Lakini mtu akikaa na blanketi miaka ishirini na saba, mwishowe huamini kwamba kila kitu duniani kinakunjika pembe nne, na hapo ndipo matatizo ya nyumba yake yalipoanzia.

Na tusimsingizie: alikuwa mtu wa familia. Kila Jumapili saa tisa alasiri alipiga simu nyumbani Nyakasimbi, Karagwe. Mkewe Avelina aliiweka simu mezani, sauti ikiwa juu, na watoto wakajipanga mbele yake kana kwamba simu ina macho.

"Nambari!" ilifoka simu.

"Moja!" aliitika Kokuberwa, kifungua mimba. "Mbili!" "Tatu!" walifuata wadogo zake wawili wa kiume.

Akishasikia tatu, moyo wa Nolasco ulitulia. Alisema "Legezeni," akakata simu, akalala usingizi wa baba aliyetimiza wajibu. Mwaka ule Kokuberwa alipolazwa wiki mbili kwa malaria kali, Avelina alimfundisha mmoja wa wale wadogo aitike "Moja" kwa sauti nyembamba ili baba asihangaike huko aliko. Baba hakuhangaika. Aliyehangaika ni Anastazi, mdogo wake Nolasco aliyekaa ng'ambo ya uzio, ambaye alimfunga mtoto kwa kitenge kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli na kuisukuma milima yote hadi hospitali, kisha akalala chini ya kitanda chake siku kumi na nne. Habari hiyo haikufika kwenye simu ya Jumapili. Haikuulizwa.

Basi Nolasco akastaafu, akarudi na sanduku la chuma, filimbi, na daftari kubwa aliloliandika juu yake "Mpango wa Familia wa Miaka Mitano". Filimbi ililia saa kumi na moja alfajiri ya siku ya kwanza. Watoto wa kiume walikuwa chuoni, Kokuberwa alikuwa anafundisha shule huko Nkwenda, kwa hiyo gwaride lilihudhuriwa na Avelina, aliyekuja na jembe begani, na mbwa, aliyekuja kwa sababu alidhani kuna chakula.

"Leo tunakagua kibanja," alitangaza Nolasco.

Alikikagua, na alichokiona kilimtia uchungu. Migomba ilikuwa imesimama hovyohovyo, mmoja hapa, miwili pale, mitatu imekumbatiana kama walevi, na chini yake majani makavu yamelala unene wa godoro. Mibuni imechomekwa katikati, maharage yamejaa kila penye nafasi. Hakuna mstari hata mmoja. Miaka ishirini na saba yuko mbali na nyumba yake imegeuka hivi! Alimwonea huruma mkewe, kweli kabisa, akaona mwanamke huyu alikosa mtu wa kumwongoza.

"Tutaipanga," alisema kwa upole.

"Migomba haipangwi, Baba Koku," alisema Avelina. "Migomba hutembea. Huu ukizaa, mtoto anatokea pembeni, na mjukuu anatokea pembeni ya mtoto. Ulipoondoka, ule pale ulikuwa huku."

"Kwangu hautembei bila ruksa."

Akaenda kuleta kamba na vigingi. Kwa wiki mbili alivuta mistari kutoka barabarani hadi bondeni, na kila mgomba ulioangukia nje ya kamba ulionja panga. Kisha yale majani makavu, ambayo Avelina alikuwa ameyatandaza msimu baada ya msimu ili udongo ushike maji, yeye aliyaita takataka na akayafagia. Ndiyo, alikifagia kibanja kwa ufagio. Udongo ukabaki mtupu, mwekundu, unang'aa.

Kule bondeni kulikuwa na mashina manne ya embire, zile ndizi za kutengenezea pombe, yaliyopandwa na marehemu mama yake. Hakuna hata moja lililokuwa karibu na kamba.

"Hizo ziache," alisema Avelina, na safari hii hakuwa anabembeleza. "Hizo ni za pombe ya nyumba. Iko siku utazitaka."

"Nikitaka pombe nitakunywa bia. Sheria ni moja kwa migomba yote, hata ile ya mama."

Akazikata, akang'oa mashina pamoja na machipukizi yake, akayarusha juu ya uzio. Upande wa pili Anastazi alikuwa amekaa juu ya gogo anatafuna punje zake za kahawa, anatazama kazi ya kaka yake kama mtu anayetazama harusi ya watu asiowajua.

"Kaka, haya unayatupa?"

"Yapeleke kwenye kichaka chako."

Kichaka ndilo jina alilokipa kibanja cha Anastazi. Siku nyingine alikiita maficho ya adui. Anastazi hakununa. Aliyakusanya machipukizi yale, akayachimbia mashimo popote jembe lake lilipoona pana unyevu, akayawekea samadi, akarudi kwenye gogo lake.

Miaka miwili ikapita. Migomba ya Nolasco ilisimama mguu sawa, mstari baada ya mstari, myembamba, majani ya njano, mikungu yake saizi ya ngumi ya mtoto. Watu walikuja kutoka Rugera na Kituntu kuitazama. Walisimama barabarani, wakaziba midomo kwa viganja, na Nolasco aliwapungia mkono akiamini wameshikwa na mshangao. Jioni alikula matoke mazito, laini, akamwambia mkewe, "Unaona? Ndizi ya mstari ina ladha yake." Avelina alisema ndiyo, ina ladha yake. Ndizi hizo zilipitia kwenye tundu la uzio kila siku ya pili, kutoka kwenye kichaka.

Hapo ndipo Kokuberwa alipoleta habari. Amepata mchumba, anaitwa Twesigye, kwao Kyerwa, familia ya wafugaji, Wakristo safi, na wazee wake wanaomba kuja kujitambulisha.

Nolasco alilifungua daftari kubwa. Ukweli ni kwamba jambo hili alilisubiri miaka mingi kuliko alivyosubiri cheo chochote. Alikosa kuzaliwa kwa binti huyu, akakosa ubatizo wake, akakosa Komunyo ya kwanza na mahafali ya kidato cha nne. Kila mara kulikuwa na ukaguzi wa bohari. Alijiambia, na usiku mwingine aliliambia blanketi, kwamba yote hayo yatalipwa kwa jambo moja: kibuyu. Katika ukoo wao, wakwe wakija, binti hutoka mbele ya watu wote akiwa na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi ya nyumba ile, na kupiga magoti mbele ya mwenye pombe ili aionje kwanza, wageni wajue haina ubaya. Mwenye pombe ni baba mwenye kibanja, nani mwingine? Hapo ndipo binti humwonyesha baba yake kwa ulimwengu. Nolasco alitaka dakika hiyo. Hakutaka kingine.

Kwa hiyo walifanya mazoezi. Kokuberwa, mwalimu mzima mwenye wanafunzi tisini, alitembezwa uani na dumu la maji.

"Hatua tatu, simama, goti la kulia, goti la kushoto, kibuyu juu. Rudia!"

"Tata, nimechoka."

"Adui hachoki. Rudia!"

Alirudia mara kumi na moja. Alimpenda baba yake, na pia alikuwa anahesabu siku za kuolewa.

Zilipobaki siku kumi, Avelina aliuliza swali wakati anamenya ndizi. "Hiyo rubisi ya kibuyu inatoka wapi, Baba Koku?"

Nolasco alicheka. Kisha akaacha kucheka. Alitoka, akatembea mstari wa kwanza, akatembea wa pili, akafika bondeni mahali palipokuwa na embire za mama yake, akasimama. Palikuwa pamefagiliwa vizuri.

"Nitanunua ndizi gulioni Omurushaka," alisema aliporudi.

"Nunua. Na wakwe wakisikia kwamba nyumba yenye kibanja inanunua ndizi za pombe ya posa, wataamini vilevile kwamba binti tumemuokota."

"Basi nenda kwa Anastazi ukamwambie—"

"Mimi siendi. Mimi nilisema ziache."

Alikwenda mwenyewe. Alivaa suruali yenye mstari wa pasi, akazunguka kupitia barabarani maana kupenya tundu la uzio kungemshushia hadhi. Ndani ya kichaka kulikuwa na giza la ubaridi, chini laini kama mkeka, na mikungu ilikuwa imening'inia mikubwa hata Anastazi ameitegemeza kwa miti ya nguzo. Embire zilikuwa zimekomaa. Alizitambua mara moja. Utotoni alipigwa fimbo kwa kuziiba.

"Hizi ni za mama," alisema.

"Zilikuwa za mama," alisema Anastazi. "Halafu zikawa za kichaka. Kata tu, afande. Ila chagua mgomba uliopinda, ndio wenye juisi."

Nolasco alikohoa. "Siku hiyo wakiuliza, nitasema zimetoka kwangu. Wewe nyamaza tu. Unaelewa? Ni kwa ajili ya mtoto."

Anastazi alichomoa panga kwenye gogo. "Kwa ajili ya mtoto mimi nanyamaza siku zote," alisema, akamkabidhi panga.

Ndizi zikafukiwa shimoni zikaiva, zikakamuliwa kwa majani, juisi ikachanganywa na mtama wa kukaangwa, ikafunikwa. Siku ya wageni ilipofika, rubisi ilikuwa imechachuka vizuri, na harufu yake iliwafikia majirani kabla ya mwaliko.

Wageni walitakiwa saa nne kamili. Walifika saa saba, kama watu wenye heshima. Nolasco alikuwa amesimama langoni tangu saa tatu na nusu amevaa koti lenye medali yake ya utumishi mrefu, na jua lilikuwa limemgeuza rangi. Aliwapanga wageni kwa urefu, akakagua vitambulisho vya wawili wa kwanza hadi Avelina alipotokea na kuwakaribisha wengine kwa mlango wa jikoni.

Mshenga wao alikuwa mzee Elpidius, mjomba wa Twesigye, mtu mfupi mwenye fimbo ndefu na macho yasiyopitwa na kitu. Kahawa za kutafuna zikazungushwa, shikamoo zikaenda na kurudi, maneno ya mzunguko yakasemwa, eti wameona ua zuri, eti ndama wao amepotea kaingia humu. Nolasco hakusikia hata nusu. Alikuwa anatazama mlango wa jikoni.

Kokuberwa alitoka. Alivaa kitenge cha kijani, kibuyu mikononi, mrija umesimama juu yake. Hatua tatu, simama. Sawasawa kabisa.

"Subiri kidogo, binti yangu," alisema mzee Elpidius akiinua fimbo. "Rubisi hii ya nani?"

Ndilo swali la desturi, na jibu lake lilikuwa neno moja.

"Yangu," alisema Nolasco. "Ya kibanja changu."

"Tunashukuru, waitu, bwana wetu. Sasa sisi ni watu wa ng'ombe, mambo ya migomba mtatusamehe. Kwetu mtu akinipa maziwa, ananionyesha na ng'ombe aliyekamuliwa, nimpapase mgongo, nimshukuru. Basi tupelekeni tuuone mgomba uliokatwa, tuushukuru na wenyewe."

Hilo halikuwa kwenye daftari. Nolasco alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anachunguza kucha zake. Wageni walikuwa wameshasimama. Msafara ukaingia kibanjani, mzee Elpidius mbele, akipita kati ya mistari na kuangalia kushoto na kulia kama jenerali anayekagua jeshi lenye njaa. Walifika mwisho wa mstari wa kwanza. Wakafika mwisho wa mstari wa tano. Hapakuwa na kisiki kibichi hata kimoja. Hapakuwa hata na mgomba ambao mtu angeweza kuuudhi kwa kuukata.

"Hii ni migomba?" aliuliza Twesigye kwa sauti ya chini, na aliuliza kwa nia njema kabisa, maana amekulia kwenye nyasi.

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Kisha kikohozi kikaenea. Mzee Elpidius alisimama bondeni, palipofagiliwa, akaegemea fimbo. "Mwenyeji wetu, pengine nimepotea njia. Mgomba wenyewe uko wapi?"

Nolasco aliangalia uzio. Juu yake yalionekana majani mapana meusi ya embire, yanapepea taratibu bila utaratibu wowote. Anastazi alikuwa amesimama nyuma ya watu wote na kofia mkononi, ameziba mdomo wake kama alivyoahidi, na alionekana kuwa yuko tayari kuuziba hadi afe. Nyuma ya Anastazi alisimama Kokuberwa na kibuyu. Hakucheka. Alikuwa anamtazama baba yake kwa macho ya mtu anayesahihisha daftari la mwanafunzi anayempenda, akimwomba Mungu safari hii apate hata moja.

Angeweza kusema kisiki kimeng'olewa jana. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, imekunjwa pembe nne. Lakini aibu ilimzidi nguvu, akaona heri apoteze kibuyu kuliko kuongeza uongo mbele ya macho yale.

"Uko ng'ambo," alisema. "Nilidanganya. Rubisi ni ya mdogo wangu Anastazi. Mimi embire zangu nilizikata. Hazikuwa kwenye mstari."

Hapo hakuna aliyejisumbua kukohoa. Walicheka wazi, Kyerwa na Karagwe pamoja, hata mbwa akabweka. Mzee Elpidius peke yake hakucheka. Alitikisa kichwa kwa adabu, akasema, "Basi mwenye pombe ameonekana. Binti, desturi iendelee."

Kokuberwa alimpita baba yake. Hatua tatu, simama, goti la kulia, goti la kushoto, kibuyu juu, mbele ya mtu aliyekanyaga tope hadi kwenye vifundo. Nolasco aliona kwamba mazoezi yalikuwa yamefanikiwa sana. Anastazi alipokea kwa mikono miwili. Alivuta mrija, akameza, akafuta machozi na mdomo kwa kiganja kilekile. Kisha, shetani wa utani akampanda. Alibana visigino, akatazama mbele, akapaza sauti:

"Moja!"

Watu wa Nyakasimbi waliokuwa wakizisikia simu za Jumapili miaka yote waliangua kicheko. Kokuberwa alisimama, akageuka. Nolasco alinyoosha mikono, maana sasa ni zamu yake, hakika ni zamu yake. Binti akapiga magoti mbele ya mama yake. Avelina alikunywa bila haraka, kwa kina, miaka ishirini na saba ya kiu, akaurudisha mrija mahali pake.

"Mbili," alisema, na yeye hakuwa anatania hata kidogo.

Kicheko kikafa. Kokuberwa akaja, akapiga magoti mbele ya koti lenye medali, akainua kibuyu. Kilikuwa kimebaki chepesi. Nolasco alikipokea akasubiri, hakujua anasubiri nini, na watu wote walimtazama kama wanavyotazamwa wanaochelewa kuitika.

"Nambari, tata," alisema Kokuberwa polepole.

Sajinitaji mstaafu Nolasco Rwegoshora alijaribu kubana visigino, lakini udongo wake mtupu ulikuwa unateleza kwa mvua ya jana, miguu ikakataa kukutana.

"Tatu," alisema. Ilisikika kwa waliosimama karibu tu. Kisha akainama, akavuta mrija, na rubisi ya embire za marehemu mama yake ikamfikia mdomoni kidogo tu, tamu, kabla ya mrija kuanza kuvuta hewa.